Picha za Kale za Majengo Zinasubiri Majina ya Wenyeji

Mazungumzo kwa wakazi wa Kiriaini, Kaunti Ndogo ya Mathioya



Mazungumzo ya leo yanahusu picha za kale za majengo: nyumba, makanisa, shule, masoko, madaraja na kambi. Picha hizi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nyingine ziko Nairobi, nyingine ziko Ulaya, na nyingine ziko papa hapa, ndani ya masanduku ya chuma chini ya vitanda. Zinafanana kwa jambo moja: nyingi hazina majina. Picha huonyesha jengo, lakini haisemi jengo hilo liko kilima gani, nani alilijenga, nani alilazimishwa kulijenga, wala lilibomolewa lini. Wanaojua majibu hayo ni wazee, na muda wa kuwauliza unazidi kupungua. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1954, vijiji vya Hali ya Hatari vilipoanza kujengwa, sasa amepita miaka 80.

Kwa sababu hiyo kazi ya picha hizi haiwezi kuachiwa wasomi wa Nairobi au wa ng'ambo peke yao. Wao wana picha. Wenyeji wana majina. Kimoja bila kingine ni nusu ya ushahidi.

Picha za kwanza za sehemu hii

Kiriaini iko Murang'a, lakini kwa njia na kwa biashara mji huu umeelekea pande mbili. Barabara moja inashuka kwenda Murang'a mjini, nyingine inapita Othaya kwenda Nyeri. Hata historia ya picha zake imepita njia hizo mbili.

Si mbali na hapa, juu kwenye mpaka wa msitu wa Nyandarua, kuna Tuthu. Hapo ndipo wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia, walipokaribishwa na chifu Karuri wa Gakure, na misa ya kwanza ikasomwa tarehe 29 Juni 1902. Walikuwa wanne: mapadre wawili na mabruda wawili. Mmoja wa mapadre hao, Filippo Perlo, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Nyeri, alikuwa mpigapicha hodari. Yeye na wenzake walipiga picha za vibanda vyao vya kwanza, makanisa ya mbao, kiwanda cha kupasua mbao na maboma ya wenyeji. Picha zilitumwa Turin, nyingine zikachapishwa katika jarida la shirika lao ili waumini wa huko waone kazi waliyokuwa wakiichangia.

Hapo pana somo la kwanza. Kila picha ina aliyeilipia, na ina aliyekusudiwa kuitazama. Picha ya kanisa jipya la Tuthu ilipigwa kwa ajili ya mchangiaji wa Turin. Padre aliyesimama mlangoni alitajwa jina. Watu waliokata miti, waliobeba mbao kutoka msituni na walioezeka paa walikuwa ndani ya picha hiyohiyo, lakini mara nyingi hawakutajwa, kwa kuwa msomaji wa Turin hakuwajua wala hakuuliza. Mjukuu wao akiitazama leo anaweza kumtambua mtu ambaye karani wa hifadhi hawezi kumtambua kamwe.

Mfano wa pili unatoka Nyeri. Mzungu mmoja na mkewe, William Scoresby Routledge na Katherine Routledge, waliishi na Wakikuyu wa upande huo katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, wakachapisha kitabu kikubwa chenye picha mwaka 1910. Humo kuna picha za ujenzi wa nyumba ya Kikuyu. Kwa fundi wa leo picha hizo ni mali. Zinaonyesha namna ya kujenga ambayo vijana wengi hawajaiona kwa macho yao, kwa sababu nyasi za kuezekea zimepotea na mabati yamechukua nafasi.

Hata hivyo jina la kitabu hicho liliwaita Wakikuyu watu wa kabla ya historia. Picha ni za kweli, lakini lebo iliyobandikwa juu yake ina makosa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, alieleza kwamba nyumba ilipaswa kujengwa na kukamilika kwa siku moja, na moto kuwashwa ndani siku hiyohiyo. Mtu aliyesoma maelezo hayo akiitazama picha ya watu wengi wakiezeka pamoja haoni umati tu. Anaona kazi ya ujirani yenye saa zake, majukumu ya wanaume na ya wanawake, na sababu ya watu wote hao kufika asubuhi moja. Jengo katika picha ni lilelile, ila maelezo yamebadilika, na kwa hiyo kinachoonekana kimebadilika pia.

Jengo husaidia kujua picha ni ya lini

Wengi hudhani kwamba picha isiyo na tarehe haina faida. Si kweli. Jengo lenyewe huweza kutoa tarehe, kama mtu anajua lilijengwa lini na lilibadilika lini.

Mfano ulio wazi kabisa uko Unguja, mahali palipopigwa picha nyingi tangu karne ya 19, wapigapicha wa studio walipofungua maduka yao mjini. Mbele ya majumba ya sultani kando ya bahari palikuwa na mnara wa taa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga mizinga majumba hayo na mnara ukaharibiwa. Baada ya hapo mnara wa saa uliunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash. Kwa hiyo picha inayoonyesha mnara ule wa zamani ukiwa mzima umesimama peke yake mbele ya jumba ni ya kabla ya vita hivyo. Ile inayoonyesha mnara wa saa kwenye jumba lenyewe ni ya baadaye. Hakuna aliyeandika mwaka nyuma ya picha, lakini mnara umeutaja.

Jambo hilo halikuishia kwenye kujua tarehe tu. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara huo. Fundi anayetakiwa kurudisha jengo kama hilo anahitaji kujua nguzo zilikuwa ngapi, varanda zilipita wapi na saa ilikaa urefu gani. Majibu ya maswali hayo hutafutwa kwenye michoro na picha za kale. Picha iliyopigwa kwa ajili ya kuuziwa watalii inageuka kuwa chombo cha fundi.

Nyeri nayo ina mfano wa karibu. Hoteli ya Treetops ilianza mwaka 1932 kama kibanda juu ya mti wa mugumo. Binti mfalme Elizabeth alilala hapo usiku wa tarehe 5 Februari 1952, na baba yake alifariki usiku huohuo wa kuamkia tarehe 6, naye akawa malkia. Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma. Hoteli mpya, kubwa zaidi na iliyosimama juu ya nguzo, ilifunguliwa mwaka 1957. Basi anayekuta picha ya kibanda kidogo juu ya mti anajua mara moja kwamba ni ya kabla ya Mei 1954.

Hapa Kiriaini hakuna hoteli ya malkia, lakini kanuni ni ileile. Paa la nyasi au la mabati, ukuta wa udongo, wa mbao au wa mawe ya kuchonga, nguzo za stima, mti uliokatwa, barabara kabla ya lami, duka lililoongezewa ghorofa: kila kimoja ni alama ya wakati. Mzee anayekumbuka mwaka soko lilipojengwa upya anaweza kupanga picha 20 za soko hilo kwa mfuatano bila kusoma neno moja lililoandikwa nyuma.

Vijiji vya mwaka 1954

Treetops ilichomwa mwezi Mei 1954. Mwezi uliofuata serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha watu wa Mkoa wa Kati kutoka maboma yao na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi. Kwa takwimu za serikali hiyo yenyewe, kufikia Oktoba 1955 watu 1,077,500 walikuwa wamehamishiwa vijiji 854. Wilaya ya Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, ilikuwa katikati ya jambo hilo. Wazee wa sehemu hii bado huviita ichagi.

Treetops ilikuwa jengo moja, na picha zake zimejaa duniani. Vijiji vilikuwa 854, na kwa vingi watoto wa leo hawawezi kuonyesha vilikuwa mahali gani. Tofauti hiyo inastahili kufikiriwa.

Picha za vijiji zipo. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, inatunza mkusanyiko wa picha za Wizara ya Makoloni, na mwaka 2011 ilianza kuweka picha za Afrika kutoka mkusanyiko huo kwenye intaneti ili mtu yeyote azitazame. Imperial War Museum ya London nayo ina picha za Hali ya Hatari zilizopigwa kwa ajili ya jeshi na serikali. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa ya Kenya iko Nairobi, Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la Benki ya India, na ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965.

Picha za serikali ya wakati huo zilikuwa na kazi ya kufanya. Zilitakiwa kuwaonyesha wasomaji wa Uingereza kwamba kijiji ni maendeleo: nyumba zilizopangwa kwa mistari, njia zilizonyooka, watu wakijenga, mama na mtoto mlangoni. Kilichoonekana ndani ya fremu kilikuwapo kweli. Wapigapicha wengi hawakubuni nyumba. Lakini fremu ina kingo, na nje ya kingo hizo palikuwa na mambo ambayo waliokaa humo wanayajua: handaki lililochimbwa kwa kazi ya lazima, miti iliyochongwa ncha na kupandwa ndani ya handaki, mnara wa mlinzi, posti ya ngati, saa za kafyu, na boma la zamani lililochomwa au kubomolewa ili mwenyewe asirudi. Picha ya nyumba mpya haionyeshi nyumba iliyobomolewa kwanza.

Kuna aina nyingine ya picha ambayo haikupigwa kwa ajili ya magazeti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndege za Jeshi la Anga la Uingereza zilipiga picha za Kenya kutoka juu kwa ajili ya kuchora ramani, na kazi hiyo iliendelea miaka ya 1950. Nyingi za picha hizo sasa zimetunzwa Edinburgh, Scotland, katika hifadhi ya kitaifa ya picha za anga, na idara ya upimaji ya Kenya, Ruaraka, ina zake. Ndege ilipita kwa mistari na kila picha ilifunika zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Mpimaji akiziweka mbili kando kwa kando chini ya kifaa maalumu, anaona vilima vimeinuka na mabonde yameshuka.

Kwenye picha ya anga, boma la zamani ni vitone vichache vya mviringo kwenye mteremko, kila familia mahali pake. Kijiji cha 1954 ni vitone vingi vilivyobanwa pamoja kwa mistari, na ukingo mweusi kukizunguka. Miaka ilivyosonga na mashamba yakaunganishwa na kupimwa upya, vitone vinatawanyika tena, kila kimoja ndani ya kipande chake cha shamba. Mtu akiweka picha tatu za mwaka tofauti pamoja, anaona kilima kimoja kikihamishwa, kikibanwa, kisha kikiachiliwa kwa mpaka mpya.

Lakini picha ya anga haitaji jina la kijiji. Haisemi nani aliishi mstari wa pili, wala ni kwa nini nyumba tatu za pembeni ziko mbali na nyingine. Mtafiti aliyeko Edinburgh anaweza kupima urefu wa handaki kwa hatua, na bado asijue kwamba upande mmoja lilichimbwa na wanawake. Bibi aliyelichimba anajua.

Shule ambazo zilikuwa kambi

Jambo hili limekwisha kufanywa karibu na hapa, tena kwa mafanikio. Katika Kaunti ya Nyeri kuna shule mbili za upili, Mweru na Kangubiri, ambazo zilianzia mahali palipokuwa na kambi za kazi wakati wa Hali ya Hatari. Kangubiri iko palipokuwa na kambi ya Aguthi. Baadhi ya majengo ya kambi yaliendelea kutumika wanafunzi walipoingia.

Kikundi cha watafiti Wakenya na Waingereza kinachojulikana kama Museum of British Colonialism, kikishirikiana na shirika la Kenya la African Digital Heritage, kilitembelea kambi hizo, kikapima yaliyobaki, kikazungumza na wazee waliofungwa na wanaoishi jirani, kisha kikatengeneza kwa kompyuta mfano wa kambi unaoweza kutazamwa pande zote. Nyaraka zilisaidia. Picha zilisaidia. Lakini mahali lango lilipokuwa, njia walimopita wafungwa na matumizi ya kila chumba ni mambo yanayohitaji mtu aliyekuwapo.

Faida yake si kwa wasomi tu. Mwanafunzi anayelala katika bweni ambalo kuta zake zilikuwa za kambi ana haki ya kujua. Bodi ya shule inayofikiria kubomoa jengo kuukuu ili kujenga maabara inaweza kubomoa, lakini ibomoe ikijua inabomoa nini, na baada ya kulipiga picha kila upande. Jengo la Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u lenyewe lilikuwa mahakama ya wenyeji wakati wa ukoloni. Limesalia kwa sababu kuna waliojua lilikuwa nini na wakaona litunzwe.

Kumbukumbu zina uzito mbele ya sheria

Wapo watakaouliza kama haya yote si mambo ya zamani yasiyoleta ugali mezani. Jibu linapatikana katika kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni yake yaliyofichwa kwa miaka mingi mahali paitwapo Hanslope Park, yakiwamo ya Kenya. Mafaili hayo pamoja na ushahidi wa mdomo wa wazee viliipa kesi nguvu. Juni 2013 serikali hiyo ilieleza majuto yake na kukubali kutoa pauni milioni 19.9, fidia na gharama zikiwa pamoja, kwa Wakenya 5,228 walioteswa.

Karatasi peke yake ingesemekana haikueleweka. Mzee peke yake angeambiwa amesahau. Viwili vilipokutana, ilikuwa vigumu kuvikataa. Picha ya jengo hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Mtu akisema palikuwa na posti mahali fulani, na picha ikaonyesha posti hiyo, na jina likaandikwa kwa mkono wa aliyeishi hapo, habari hiyo imesimama kwa miguu mitatu.

Yapo pia mambo madogo ya kila siku: shule inayotaka kujua mpaka wake wa zamani, kanisa linaloadhimisha miaka 100 na halina hakika msingi uliwekwa lini, familia inayotafuta kaburi la babu aliyezikwa kijijini na si shambani. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu la maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Kaunti haiwezi kutekeleza jukumu hilo kwa vyumba na rafu peke yake, kama vinavyowekwa rafuni havina majina.

Yanayoweza kufanywa nyumbani

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji penseli, bahasha za karatasi, simu na subira.

Kwanza, picha iandikwe nyuma kwa penseli laini, kando kando, ikiwa imelala juu ya meza tambarare. Kalamu ya wino hupenya na kuharibu uso wa picha, na kukandamiza sana huacha alama mbele. Picha za karatasi yenye nailoni hazishiki penseli. Kwa hizo, maelezo yaandikwe kwenye bahasha kabla ya picha kutiwa ndani.

Pili, kila picha ijibu maswali matano. Ni mahali gani, kwa jina la zamani na la sasa? Ni jengo la nini? Ni mwaka gani, au karibu na tukio gani? Ni akina nani wanaoonekana? Nani ametoa habari hizi, na siku gani? Mzee asiyekumbuka mwaka asisukumwe. Aulizwe alikuwa ametahiriwa au bado, ni riika gani lililotahiriwa mwaka huo, alikuwa darasa la ngapi, ilikuwa kabla ya Uhuru au baada yake. Tarehe ya kukisia iandikwe kwamba ni ya kukisia.

Tatu, alichoona mtu kitenganishwe na alichosikia. Vyote viwili vina thamani, ila si thamani sawa. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe maneno ya wote wawili na majina yao. Kijana asijifanye hakimu. Huenda picha nyingine ikatokea baadaye na kuamua.

Nne, picha zikae mbali na moshi wa jikoni, ukuta wenye unyevu na jua la dirishani. Zisibandikwe kwa gundi wala selotepu. Filamu zake, kama bado zipo, zisitupwe, kwa maana picha mpya iliyo safi hutoka kwenye filamu.

Tano, nakala ipigwe kwa simu karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, picha ikiwa imelala sawa na simu ikiwa juu yake moja kwa moja. Upande wa nyuma upigwe pia, kwa sababu mwandiko wa marehemu ni sehemu ya ushahidi. Nakala ihifadhiwe mahali pawili, maana simu hupotea.

Sita, familia itoe nakala na kubaki na picha yenyewe, isipokuwa imeamua vingine kwa hiari. Anayechukua picha ya asili, awe mwalimu, mwanahabari au mtafiti, aandike karatasi ya kupokea yenye jina, tarehe na siku ya kurudisha.

Saba, anayekuta kwenye intaneti picha ya mahali anapopajua, iliyotunzwa London, Turin au Edinburgh, aandike nambari yake na kuwasiliana na hifadhi husika. Nambari ndiyo inayomwezesha karani kuipata. Barua fupi inatosha: picha nambari fulani ni kilima fulani, jengo ni fulani, anayesema ni mtu aliyezaliwa hapo mwaka fulani. Hifadhi nyingi hupokea masahihisho ya namna hiyo, na jina likishaingizwa kwenye rekodi, kila anayetafuta jina hilo ataipata picha.

Tahadhari moja

Hali ya Hatari iligawanya nyumba. Katika mstari mmoja wa kijiji waliishi mke wa mpiganaji wa msituni na mke wa ngati, na wajukuu wao leo wanauziana majani chai, wanaozana na kukaa benchi moja kanisani. Picha ya posti yenye watu wanane waliosimama na bunduki ina wajukuu wa watu wanane. Kutaja majina ni kazi njema, lakini isifanywe kwa kurusha picha kwenye makundi ya simu usiku na kungoja ugomvi asubuhi. Familia iulizwe kwanza. Jina liandikwe na kuhifadhiwa hata kama halitatangazwa leo. Jambo lililoandikwa na kufungwa linaweza kufunguliwa siku inayofaa. Lililokufa na mwenye kulijua halifunguki.

Likizo ya shule inakaribia. Kila mwanafunzi wa Kiriaini mwenye nyanya au babu aliye hai anaweza kuketi naye mchana mmoja, sanduku likiwa wazi na penseli mkononi. Picha tano zikiandikwa vizuri katika kila nyumba, mji huu utakuwa na maelezo ambayo hayapatikani Kew wala Turin. Shule zikusanye nakala, machifu wasaidie kuwatambua wazee wenye kumbukumbu, na maktaba ya kaunti iwe mahali pa kuzipeleka. Ianzwe na wazee waliovuka miaka 80, nyumba kwa nyumba, kabla ya mvua.